Ndago Yenye Kichwa cha Mwenzake

Aliyesimama ndani ya ukumbi wa kanisa mbele ya watu waliojaa mpaka madirishani, akawaambia amegundua mmea ambao dunia haijawahi kuuona, halafu mmea wenyewe ukakatika shingo mezani watu wote wakiangalia, ni mimi. Niseme mapema ili asije mwingine akawasimulia vibaya. Hiyo ya kuchekwa nimeshaizoea, mtu huchekwa wiki mbili tatu halafu watu wanapata mwingine wa kumcheka. Kuna jingine lililotokea dakika hiyo hiyo, nalo sijalizoea, lakini nikianza nalo hamtanielewa, kwa hivyo wacheni nianze na ndago.

Kazi yangu ni fundi wa stoo ya mimea mikavu katika chuo kimoja hapa Kisumu. Mmea ukiletwa naukandamiza ndani ya magazeti, naukausha, naubandika kwenye karatasi ngumu, naandika jina lake na mahali ulipotoka, naufungia kabatini, basi. Sina udaktari, nina diploma, lakini Kondele ninapokaa wananiita Daktari wa Nyasi, jina linalonikera mara mbili, kwa sababu mimi si daktari na vitu ninavyoshughulika navyo si nyasi. Ni ndago! Nimemweleza kinyozi, nimemweleza mwenye nyumba, nimewaeleza wanakwaya, kila mtu anasema "sawa sawa, Daktari," halafu kesho yake ananiuliza nyasi zinaendeleaje. (Mke wangu Akinyi anasema hasira zangu kuhusu jambo hili si za kawaida. Inawezekana.)

Na tofauti yenyewe si ngumu hivyo. Bua la nyasi ni la mviringo na lina vifundo. Bua la ndago mara nyingi lina pembe tatu, ukilizungusha kati ya vidole unazihesabu bila kuangalia, na kifundo hakuna. Nimesema mara nyingi, sikusema kila mara, kwa sababu ziko ndago za mviringo pia, na hapo ndipo kazi inapoanza, maana ndago zenyewe kwa zenyewe zinafanana kama watoto wa shule moja waliovaa sare. Inabidi uangalie bua lina pembe au halina, majani yaliyo chini ya kichwa ni marefu au mafupi, vishada vya kichwani ni bapa au vimejaa, na mbegu, ambayo ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, ina pande tatu au mbili. Kuna kitabu cha kazi hiyo. Kinakuuliza maswali mawili mawili: bua la pembe tatu nenda namba fulani, bua la mviringo nenda namba fulani, hivyo hivyo mpaka kikufikishe kwenye jina. Usipodanganya kitabu, kitabu hakikudanganyi.

Sasa, mama mkwe wangu, ambaye wenzake wanamwita Nyar Alego, yaani binti wa Alego, anakaa ng'ambo ya Kisian, karibu na ziwa, na alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaosuka mikeka. Malighafi yao ilitoka kwenye kinamasi kilicho chini ya boma lake. Wanakata ndago za aina mbili: moja bua lake ni la mviringo, halina majani kabisa, na ukiliminya linalia taratibu kwa sababu ndani lina kuta kuta, hiyo ndiyo ya mikeka laini ya nyumbani, nyingine bua lake ni la pembe tatu, ukingo wake unakata kiganja, hiyo ni ya mikeka migumu ya kuanikia omena, dagaa wa ziwani. Zote mbili zinaota pamoja, zimechanganyika, hata miguu yako haijui imekanyaga ipi.

Basi akatokea bwana mmoja wa Milimani, mtaa wa matajiri, akiwa na karatasi zake, anataka kukijaza kinamasi kile murram, udongo wa kutengenezea barabara, ajenge nyumba za wageni. Serikali ikasema itasikiliza pande zote mbili kwanza, na akina mama wakaambiwa walete ripoti ya mimea iliyomo, iliyoandikwa na mtu anayejua. Bila kinamasi kile hawana mikeka, na bila mikeka sijui wangekula nini, kwa sababu wengi wao ni wajane na mashamba yao ni ya mawe. Mama mkwe hakuja kuniomba mwenyewe, huku kwetu mama mkwe na mkwe wake hawasogeleani ovyo, alimtuma Akinyi. Akinyi akaniambia jikoni, "Mama anauliza kama unaweza kuwaandikia." Nikajibu haraka mno, kwa sababu katika miaka yote ya ndoa sikuwahi kuwafaa wakwe zangu kwa lolote isipokuwa kubeba mabenchi matangani.

Nikaenda Jumamosi asubuhi, nimevaa gambuti na kofia. Nikafika, nikasalimia kwa mbali, mama mkwe akaitikia akiwa ameangalia pembeni kwa heshima, akaendelea kukata upande wa pili na wenzake. Nikaingia majini. Nikachagua mabua mazuri, marefu, nikatoka nayo mpaka pakavu, nikafungua mkoba nitoe vikaratasi vya namba. Havikuwepo. Nilikuwa nimeviacha juu ya meza Kondele.

Lazima niwaeleze vikaratasi hivi, maana ndivyo vilivyoniua. Kila mmea unaochuma unaufunga kikaratasi chenye namba, kwa uzi, na kikaratasi hicho hakitoki tena. Mmea ukiwa mrefu kuliko gazeti, unaupinda mara moja, mara mbili, lakini hukati. Na ukilazimika kukata, kila kipande kinapata namba ile ile. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha, tena kwa sauti ya juu. Lakini kurudi Kondele na kuja tena ilikuwa safari ya nusu siku, jua limeshaanza kuwaka, na mabua yale yalikuwa yananizidi urefu, na akina mama walikuwa wananiangalia (au nilidhani wananiangalia), kwa hivyo nikaamua jambo dogo tu: nikavikata vichwa vyote nikavitia katika mfuko mmoja wa khaki, mabua nikayafunga kwa kamba, nikasema nyumbani nitajua tu kipi ni cha nani. Miaka kumi na miwili katika kazi, kwani kichwa cha ndago kitanipotea mimi?

Kilinipotea. Jumapili baada ya kanisa nilitandaza kila kitu mezani, na vichwa vilikuwa vimenyauka na kulaliana, na mimi nikafanya kile ambacho watu hufanya wakiwa na haraka na wanajiamini: nikachagua kichwa kizuri kuliko vyote, kikubwa, chenye majani marefu chini yake yaliyochanua pande zote, na bua zuri kuliko yote, la mviringo, limenyooka halina hata alama. Nikalipunguza bua upande wa chini litoshe, nikavibandika pamoja kwenye karatasi ngumu. Pale kichwa kinapokutana na bua, nikapitisha ukanda wa karatasi wenye gundi ili visicheze. Kazi safi kabisa. Aibu ni kwamba kwa macho ilikuwa kazi yangu bora ya mwaka ule.

Nikafungua kitabu. Bua la mviringo? Ndiyo. Nikaenda kilikonituma, nikakuta kinasema majani ya chini ya kichwa ni mafupi. Yangu yalikuwa marefu. Nikarudi mwanzo, nikapita njia ya pili, ya majani marefu, nikakuta kinasema bua ni la pembe tatu. Langu lilikuwa la mviringo. Nikarudi mara ya tatu. Mtu mwenye akili zake angesema hapa mmea una kasoro. Mimi nikasema kitabu kina kasoro! Nikakifunga, nikakaa nikautazama mmea ule, na pole pole, sijui niwaeleze vipi, ikaanza kuniingia kwamba hapa Kondele, juu ya kitambaa cha meza chenye maua, kuna mmea ambao hauna jina.

Kufikia saa kumi jioni nilikuwa nimeshaanza kulitafuta jina lenyewe. (Mimea mipya hupewa majina ya Kilatini na mara nyingine jina la mtu huingizwa humo. Sitawaambia niliingiza la nani.) Nikaandika ripoti kurasa sita, na katika ukurasa wa mwisho nikaweka kwamba mmea huu haujulikani na wataalamu, na haupatikani mahali popote duniani ila katika kinamasi kile, kwa hivyo ukijazwa murram umekwisha. Nilipomaliza nilijipiga picha nikiwa nimeushika. Akinyi akamtumia mama yake.

Siku ya Jumatano, nimetoka kazini mapema, Akinyi akaingia akihema. "Mama yuko kwa duka ya hapo stage."

"Mama gani?"

"Mama yangu, Ochieng. Ametoka nyumbani mpaka hapa. Amekuja na zile nyasi kwa gunia."

Nikamwambia si nyasi. Akanitazama tu, akaendelea. "Anasema kwa ile picha, kichwa si ya ile bua. Anasema shingo haikubali. Anaomba umtolee hiyo karatasi aione kwa macho."

Mama mkwe hawezi kuja kugonga mlango wa mkwe wake hivi hivi bila kualikwa, ndiyo maana alikuwa amekaa dukani na soda. Mimi nami nilikuwa nimevaa kaptula. Suruali zangu mbili zilikuwa kwenye beseni, ya tatu ilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, na kutokea mbele ya mama mkwe magoti yakiwa nje ni jambo ambalo hata mimi sithubutu. Ningeweza kuvuta lile sanduku. Lilikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa. Badala yake nikasema, "Mwambie gundi bado haijakauka," na kwa kuwa niliona Akinyi hajaridhika, nikaongeza, "Mwambie mikeka ni yake, sayansi aniachie."

"Hiyo ya mwisho sitamwambia," Akinyi akasema, akatoka.

Mama mkwe akamaliza soda yake, akachukua gunia lake, akapanda gari kurudi Kisian. Mwanamke aliyekata ndago zile kwa mkono wake tangu aolewe alikuja mwenyewe mpaka karibu na mlango wangu kunitoa shimoni, na mimi nikamkosa kwa sababu ya kaptula.

Siku ya kusikilizwa ikafika. Ukumbi wa kanisa ulijaa, walioshindwa kuingia wakasimama madirishani. Mbele alikaa afisa wa mazingira, mama mmoja mtulivu wa kuandika sana, ambaye kila mtu alimwita Madam. Upande wa kulia alikaa bwana wa Milimani na watu wake, na kati yao mzee mmoja mwembamba, lenzi inaning'inia kifuani, Mzee Were kutoka upande wa Busia, mstaafu, ambaye nilimjua kwa sifa: alikuwa ameshughulika na mimea ya majini kabla mimi sijaanza shule. Upande wa kushoto, akina mama wa mikeka, wamefunga leso za rangi moja, mama mkwe mbele yao, amekaa upande upande ili tusitazamane.

Akina mama walizungumza kwanza, na walizungumza vizuri. Mmoja alieleza jinsi alivyosomesha watoto watatu kwa mikeka ya omena. Mwingine alileta mkeka wenyewe akautandaza miguuni pa Madam, na Madam akainama akaugusa, akaandika. Mama mkwe akasema maneno machache: "Hii maji ikifungwa, sisi tumefungwa." Nikitazama nyuma naona mambo yalikuwa yanaenda sawa. Ningeweza kusoma orodha ya mimea ya kawaida, nikakaa chini, tukaenda nyumbani.

Nikasimama na mmea wangu. Nikaongea kama dakika ishirini, nikanyanyua karatasi juu kila mtu aione, nikasema neno "dunia" mara nyingi kuliko inavyofaa, na nilipofika pale pa kusema haupatikani popote pengine, akina mama wakapiga vigelegele na watu wa madirishani wakapiga makofi. Nilimwangalia mama mkwe kwa kuibia. Hakupiga kigelegele. Alikuwa anaangalia sakafu.

Mzee Were akanyoosha mkono, akaja mbele taratibu, na kwa heshima zote akasema, "Mwanangu, hongera. Naomba niione karibu."

Nikamwekea mezani. Akainama na lenzi yake. "Hili bua ni la mviringo."

"Ndiyo, Mzee."

"Na ukiliminya linalia."

"Linalia sana."

"Na kichwa kina majani marefu hivi."

"Ndiyo maana ni mpya, Mzee."

Akasogeza lenzi juu kidogo. "Naomba nione shingo."

Neno lile lilikuwa limeshanifikia kutoka dukani siku ile na nikalirudisha. Nikataka kusema gundi bado haijakauka. Mzee akatoa kiwembe kidogo mfukoni, akaingiza ncha chini ya ule ukanda wangu wa karatasi, akaunyanyua kidogo tu, na kichwa kikaachana na bua, kikateleza kwenye karatasi, kikaanguka mezani mbele ya Madam, vishada vikatawanyika.

Mzee Were hakucheka. Alikichukua akakigeuza, akamwonyesha Madam mahali kilipokatwa: pembe tatu, safi. Kisha akamwonyesha ncha ya bua: duara. "Madam, hii ni mimea miwili," akasema. "Yote miwili ni ya kawaida. Iko ziwa lote."

Mtu mmoja dirishani akapaza sauti, "Yawa! Kichwa imekataa mwili!" na ukumbi ukalipuka. Bwana wa Milimani alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Makarani walicheka, mchungaji mwenye ukumbi alicheka kisha akajifanya anakohoa. Mimi nilikuwa nimesimama pale, bua lisilo na kichwa mezani mbele yangu.

Kama ingeishia hapo, ningewasimulia nikicheka na ninyi. Lakini Madam hakuwa anacheka. Alingoja watu wanyamaze, akauliza, "Nani aliunganisha hivi vitu?"

Nikafungua mdomo. Niliwaza chuo, niliwaza mkuu wangu wa idara akisikia kwamba fundi wake amekata vichwa bila namba, niliwaza miaka kumi na miwili. Nilihitaji kusema neno moja tu, "mimi", na wakati bado nalitafuta, mama mkwe akasimama.

"Madam, ni mimi," akasema. "Siku ile huyu mkwe yangu alikuja, ni mimi nilikata vichwa nikachanganya kwa mfuko yake. Yeye hakujua. Mimi ni mtu wa mikeka tu, sikujua hii maneno ya kitabu."

Madam akanigeukia. "Bwana Ochieng, ni kweli?"

Mnajua nilifanya nini? Niliinama nikaanza kukusanya vishada vilivyotawanyika mezani, kimoja kimoja, nikavitia kiganjani. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilikusanya takataka zile kwa uangalifu mkubwa kama mtu aliyepewa kazi, na mama mkwe wangu akiwa bado amesimama, na Madam amenyanyua kalamu anangoja, na alipoona sina neno akaanza kuandika. Aliandika muda mrefu. Nilikuwa naisikia kalamu.

Kisha akasoma alichoandika, kwa sauti ile ile ya utulivu: kwamba kielelezo kilichotolewa na kikundi kilikuwa kimetengenezwa, na kwamba mwenyekiti wa kikundi amekiri mwenyewe. Wakili wa bwana wa Milimani akaomba neno lile "kimetengenezwa" lirudiwe ili alinukuu sawasawa. Mama mkwe akakaa. Akina mama wa mikeka hawakumwangalia yeye. Walikuwa wananiangalia mimi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anacheka.

Wiki ya tatu nikapata nguvu za kuandika barua. Nikaandika kila kitu, vikaratasi, mfuko wa khaki, kaptula pia, nikaweka sahihi, nikaipeleka ofisini kwa Madam mwenyewe. Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja.

"Ungesema siku ile," akasema.

Nikamwambia najua.

"Mimi sikuhitaji mmea mpya, Bwana Ochieng. Ungeniletea orodha ya mimea ya kawaida, ya kweli, pamoja na wale akina mama na ule mkeka wao, ningekuwa na sababu ya kukiacha kinamasi, au angalau nusu yake. Lakini siwezi kuwapa kinamasi watu niliowaandika kwamba wameleta ushahidi wa uongo. Kamati yetu imeshapiga sahihi." Akaichomeka barua yangu juu ya faili, na nikaona jinsi faili lilivyokuwa limeshafungwa kwa kamba.

Malori ya murram yalianza kabla ya mvua za vuli. Sasa akina mama wanakwenda kukata mbali, upande wa Seme, kwenye kinamasi cha watu wengine, wanangoja wenyeji wakate kwanza ndipo wao waingie. Wawili wameacha kabisa kusuka. Mama mkwe aliombwa aache uenyekiti, akaacha. Mimi kazi sikufukuzwa; nilipewa onyo la maandishi kwa sababu ya barua ile, ambayo nakala yake ilifika chuoni, na mkuu wangu akaniambia nina bahati. Kila mmea ninaochuma siku hizi unapata kikaratasi chake kabla haujatoka majini, na wanafunzi wananiona kichaa.

Nilikwenda kumwona mama mkwe. Nilivaa suruali, nikaenda na Akinyi, tukakaribishwa, mimi nikakaa karibu na mlango na yeye upande wa pili wa sebule kama inavyotakiwa. Alikuwa ametupikia samaki. Sikuweza kula kabla ya kusema, kwa hivyo nikasema, vyote, nikiwa nimeangalia miguu yangu, na nilipofika pale pa kukusanya vishada nikalia, mwanaume mzima, mbele ya mke wangu na mama yake. Mama mkwe akaningoja nimalize.

"Ora," akasema (ndivyo anavyoniita, mkwe wangu), "mimi nilijua ni wewe tangu ile picha. Hii nyumba, watoto wakivunja kitu halafu wote wanyamaze, mimi nasema ni mimi nimevunja. Yule amevunja haikai hata kidogo, anatoka analia, anasema hapana Mama, si wewe. Wote saba nimelea hivyo. Nilisimama pale nikijua utasema hapana."

Akamimina chai, akampa Akinyi aniletee.

"Nilikungojea," akasema. "Nilikungojea mpaka yule mama akamaliza kuandika."

Nikapokea kile kikombe. Nilichoapa ni hiki tu: mtu akisimama tena kubeba kosa langu, hata iwe mbele ya watu wa namna gani, hata iwe inanigharimu nini, sitamwacha akakaa chini kabla sijasema ni langu. Tatizo la kiapo hiki ni kwamba mama mkwe hasimami tena mahali popote kwa ajili yangu.